Barua ya wazi kwa wanaosaini mikataba ya ubia: fedha za mwekezaji si msaada

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Fedha,
Makatibu Wakuu wa Hazina,
na Wakuu wa vitengo vya ubia kati ya serikali na sekta binafsi, popote mlipo.

YAH: NANI ALIPIE NA NANI ATENGENEZE BIDHAA ZA UMMA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Hoja hizi tumekwisha kuzileta kwa njia za kawaida: maoni ya maandishi kwenye vikao vya wadau, maelezo ya kitaalamu yaliyoambatishwa kwenye rasimu, barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa. Majibu yamekuwa ya aina mbili. La kwanza ni "maoni yenu yanafanyiwa kazi". La pili ni kimya, halafu mkataba unasainiwa mbele ya kamera. Ndiyo maana safari hii tunaandika hadharani.

Hatuwapingi wawekezaji. Wala hatuitetei ofisi ya serikali ambayo faili huingia na halitoki. Tunalalamikia jambo moja: mnaamua nani afanye kazi kabla hamjaamua nani atailipia. Mkishachanganya maswali hayo mawili, mnaanza kuzihesabu fedha za mwekezaji kana kwamba ni msaada. Ni mkopo. Anayeulipa ni mlipakodi au mlipa tozo, na mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja.

1. Jina moja kwa vitu vya aina tofauti

Kwenye nyaraka zenu, barabara, chanjo, maji ya bomba, taa za njiani na maegesho ya magari vyote ni "huduma za umma", na vyote vinapitishwa kwenye mlango uleule wa ubia. Uchumi hauvitazami hivyo. Mwaka 1954 Paul Samuelson aliiweka kihesabu sifa ya kwanza ya bidhaa ya umma: mmoja akiitumia, haimpungukii mwenzake. Richard Musgrave akaisisitiza ya pili: asiyelipa hazuiliki. Sifa hizo zikikutana kwenye kitu kimoja, soko linakwama, hata kama kila mfanyabiashara aliyemo ni mwaminifu.

Chukueni taa moja ya njiani inayogharimu 60. Nyumba ya kwanza iko radhi kuilipia 40, ya pili 30, ya tatu 20. Hakuna nyumba yenye sababu ya kuinunua peke yake. Lakini taa ikiwaka inawamulikia wote kwa mpigo, kwa hiyo thamani yake ni 90, na kukaa gizani ni kuacha faida ya 30 ipotee. Sasa piteni nyumba kwa nyumba mkiuliza kila mmoja atachanga kiasi gani. Mwenye 40 atasema 5, akitegemea jirani. Jirani naye anapiga hesabu hiyohiyo. Huyo ndiye mdandiaji, na wala si mkorofi. Anajua tu kujumlisha. Dawa yake ni mchango wa lazima, yaani kodi. Hapo ndipo hoja ya kuiingiza serikali inapoanzia, na hapohapo ndipo inapoishia. Inathibitisha kwamba serikali ndiyo ichangishe. Haithibitishi kwamba anayesimika nguzo na kubadilisha balbu lazima awe mtumishi wa umma. Kazi hiyo mnaweza kuitangazia zabuni kesho asubuhi, na mlipaji akabaki kuwa Hazina.

Daraja ni jambo jingine. Linaweza kufungwa kwa kizuizi, asiyelipa asipite. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliliandikia mwaka 1844: daraja likiwa tupu, gari moja zaidi halimgharimu mtu chochote cha maana, kwa hiyo kila anayegeuza njia kwa kuogopa tozo ni manufaa yaliyotupwa mtoni. Likijaa, hesabu inageuka, maana kila gari linayachelewesha mengine na tozo inapata kazi ya kweli ya kupunguza foleni. Kutoza kwa sababu tu kizuizi kinaweza kuwekwa ni kumrahisishia kazi mkusanyaji, na hakuna sera ndani yake.

Halafu kuna mito, malisho na misitu, ambako kumzuia mtu ni vigumu na kinachotumiwa kinapungua. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba huko watumiaji wenyewe mara nyingi hujiwekea kanuni na kuzisimamia vizuri kuliko wizara na kuliko kampuni. Mifereji ya umwagiliaji ya Nepal iliyoendeshwa na wakulima ilifikisha maji mwisho wa mfereji vizuri zaidi kuliko mingi iliyoendeshwa na serikali. Fomu zenu za ubia hazina hata kisanduku cha kuweka alama ya chaguo hilo.

2. Mnara wa taa mnausoma nusu

Kila semina ya ubia ina mtu atakayemtaja Ronald Coase, ambaye mwaka 1974 aliandika kuhusu minara ya taa ya kuongozea meli huko Uingereza. Wachumi walizoea kuitaja minara hiyo kama mfano wa kitu ambacho mtu binafsi hawezi kukitoa. Coase akaonyesha kwamba mingi ilijengwa na kuendeshwa na watu binafsi. Hapo semina hupiga makofi na kwenda mapumziko.

Someni nusu iliyobaki. Mjenzi alihitaji hati ya mfalme ya kumpa haki ya kutoza. Ushuru wa taa haukuombwa baharini. Ulidaiwa bandarini, mara nyingi na maofisa wa forodha, kwa meli iliyohesabiwa kuwa imepita eneo la mnara, nahodha awe aliutazama au alikuwa amelala. Nguvu iliyomlipisha mdandiaji ilikuwa ya dola. Mtu binafsi alijenga, serikali ikakamua kwa niaba yake.

Na kuirudisha haki hiyo kulikuwa na bei. Sheria ya mwaka 1836 iliiweka minara ya England chini ya Trinity House, chombo kilichopewa hati na Henry VIII mwaka 1514, na kukipa mamlaka ya kuwanunua wamiliki waliobaki. Wa mwisho kununuliwa ulikuwa mnara wa Skerries, juu ya miamba nje ya pwani ya Wales: mwaka 1841, kwa pauni 444,984. Kiasi hicho hakikulipia mawe wala mafuta. Kililipia haki ya kutoza kila chombo kinachopita. Haki kama hiyo ndiyo mnayoikabidhi mnaposaini, na thamani yake hatujaiona ikiandikwa kwenye ukurasa wowote.

Zimamoto la London lilifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Kampuni za bima ziliendesha vikosi vyao, zikaviunganisha mwaka 1833. Tatizo ni kwamba moto haukagui nani amekata bima. Ili kuiokoa nyumba ya mteja, lazima uzime na ya jirani asiye mteja, na jirani akishalijua hilo, bima ya nini? Baada ya moto mkubwa wa Tooley Street mwaka 1861, kampuni ziliiambia serikali kwamba mzigo umewazidi, na mwaka 1866 kikosi cha umma kikaanza kazi.

3. Hesabu ya riba hamuipigi

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalotuchosha kulirudia.

Tuchukue mradi wa 100, sarafu yoyote. Serikali inakopa kwa asilimia 5 na kurejesha kwa mafungu sawa ya kila mwaka kwa miaka 25. Fungu moja ni 7.1, jumla 177. Kampuni ya mradi inachanganya mkopo wa benki na mtaji wa wanahisa, na wastani wa inachodai juu ya fedha hizo ni, tuseme, asilimia 9. Fungu lake ni 10.2, jumla 254. Jengo ni lilelile, nondo ni zilezile, zege ni lilelile. Ile 77 ya katikati ni bei ya fedha, na hapo hamjawalipa wanasheria, washauri na ada ya benki ya kupanga mkopo.

Ipindueni hesabu. Ili fungu la mwaka lilingane, kampuni inapaswa kutoa jengo hilohilo kwa 70 badala ya 100. Ni lazima iokoe asilimia 30, nyingine zaidi ndipo umma uanze kufaidi.

Je, inawezekana? Wakati mwingine. Mjenzi akijua kwamba ni yeye atakayelitunza jengo miaka 25, ataweka bomba bora na paa lisilovuja, kwa sababu ukarabati utamwangukia mwenyewe. Hoja hiyo ndiyo bora kuliko zote za ubia, na tunaiheshimu. Basi tuonyesheni mstari kwa mstari asilimia 30 inatoka wapi. Kwenye majedwali ya ulinganisho huwa inatoka kwenye mstari mmoja ulioandikwa "hatari iliyohamishwa", yaani hasara ambazo eti sasa atazibeba mwekezaji badala ya serikali, na tarakimu yake ina tabia ya ajabu: inatosha kuuvusha upande wa ubia, na hapo inasimama.

Mtatuambia kwamba riba ya serikali ni ndogo kwa sababu mlipakodi anabeba hatari bila kulipwa, kwa hiyo asilimia 5 si bei ya kweli. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inasimama pale tu hatari inapokuwa imehama kweli. Mkimlipa mtu asilimia 9 abebe mzigo, kisha mzigo ukarudi mlangoni kwenu, mmelipa mara mbili.

Uingereza ilianza mpango wake wa aina hii mwaka 1992. Ofisi ya taifa ya ukaguzi ilipohesabu Januari 2018, ilikuta mikataba zaidi ya 700 yenye thamani ya ujenzi ya pauni bilioni 60 hivi, na malipo yaliyobaki ya pauni bilioni 199 hadi miaka ya 2040. Kwa haki, ndani ya malipo hayo kuna huduma pia, kama usafi na matengenezo, kwa hiyo msiyasome kama deni la ujenzi tupu. Hata hivyo, Oktoba mwaka huohuo waziri wa fedha alitangaza kwamba mikataba mipya ya mtindo huo imefikia mwisho.

4. Hatari inahama mchana na kurudi usiku

Mradi wa barabara una hatari za namna tatu, na kila moja ina mwenyewe. Gharama ya ujenzi kupanda: huyo ni mkandarasi, ndiye anayeagiza kokoto na kupanga zamu. Ardhi kuchelewa kukabidhiwa au sheria kubadilika: ni serikali. Idadi ya magari kwa miaka 30 ijayo: hakuna binadamu anayeitawala. Kanuni ni kumpa kila mmoja anachoweza kukizuia. Mikataba mingi hufanya kinyume: inampa mwekezaji hatari ya magari, anaitoza kwa riba kubwa, kisha kwenye kiambatisho cha mbali inamrudishia kwa dhamana ya kiwango cha chini cha mapato, yaani serikali inaahidi kujazia mapato yakipungua hapo.

Meksiko ilitoa mikataba 52 ya barabara za tozo kati ya 1989 na 1994. Kigezo kikubwa cha kumpata mshindi kilikuwa muda mfupi wa mkataba. Fikirini mzabuni atafanya nini: anaahidi miaka michache, kisha anapandisha tozo juu sana ili fedha zake zirudi ndani ya miaka hiyo. Malori yakabaki kwenye barabara za zamani zisizolipiwa. Mwaka 1997, baada ya msukosuko wa peso, serikali ilizichukua barabara 23 pamoja na madeni yake.

Msidhani ni balaa la nchi moja. Mchumi J. Luis Guasch aliikagua mikataba zaidi ya 1,000 ya Amerika ya Kusini na Karibi iliyotolewa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi 2000. Asilimia 30 ilifunguliwa na kujadiliwa upya. Kwenye usafiri ilikuwa asilimia 55, kwenye maji asilimia 74, na kwa wastani ilichukua miaka miwili na ushei tu tangu kutolewa. Kwa mwendo huo, mzabuni mwenye akili haandiki bei yake halisi. Anaandika bei ya kushindia, halafu anasubiri. Harold Demsetz alipendekeza mwaka 1968 kwamba ushindani wa siku ya zabuni unaweza kuuzima ukiritimba unaofuata. Oliver Williamson akajibu mwaka 1976 kwa kufuatilia mkataba mmoja wa televisheni ya kebo mjini Oakland: siku ya pili baada ya kusaini hakuna tena mshindani, aliyeko ndani amekwisha kuchimba mitaro, na serikali inaona haya kukiri kwamba imekosea.

Dawa ipo, nayo si ngeni. Mwaka 1998 Chile ilitangaza zabuni ya barabara kutoka Santiago kwenda Valparaíso na Viña del Mar kwa njia hii: mzabuni anataja jumla ya mapato anayotaka, yakiwa yamegeuzwa kuwa thamani ya leo (fedha ya miaka ijayo huhesabiwa pungufu ya fedha ya leo), na mwenye kiasi kidogo anashinda. Mkataba hauna tarehe ya kuisha. Unaisha mapato hayo yakitimia. Magari yakiwa machache, muda unajirefusha. Yakiwa mengi, barabara inarudi mapema. Mwenye barabara hana haja ya kulilia dhamana. Na serikali ikitaka kuichukua katikati ya safari, fidia ni kiasi kilichobaki, kikipunguzwa gharama za uendeshaji ambazo hatazibeba tena. Mabishano ya mahakamani yanapungukiwa chakula.

5. Mnanunua kinachopimika na kupoteza kisichopimika

Mwaka 1997 Oliver Hart, Andrei Shleifer na Robert Vishny waliuliza ni lini kazi ifanywe na serikali yenyewe, wakitumia magereza kama mfano. Jibu lao kwa ufupi: mkandarasi ana hamu kubwa ya kupunguza gharama, na hilo ni zuri hadi gharama anayoipunguza inapokuwa sehemu ya ubora ambayo mkataba haukuweza kuiandika. Mafunzo ya askari magereza hayaonekani kwenye ankara.

Hata kwenye kazi inayodhaniwa nyepesi, jinsi ya kulipa ndiyo inayoamua mtaletewa nini. Tuangalie uzoaji wa taka. Mkilipa kwa tani, taka zilizoloa na udongo wa fagio vitapakiwa kwa furaha, kwa kuwa vina uzito. Mkilipa kwa safari, gari litakwenda dampo likiwa nusu. Mkilipa kwa kaya zilizosajiliwa, vichochoro ambako gari haliingii vitabaki kwenye rejista na kusahaulika mtaani. Kinachofanya kazi ni mchanganyiko: malipo ya msingi kwa eneo, mizani ya dampo inayosimamiwa na mtu asiye wa mkandarasi, na ukaguzi wa ghafla wa vituo vilivyochaguliwa kwa kura, huku makato yakiwa yamekubaliwa tangu mwanzo. Hayo yanaandikika kwenye kurasa kumi. Kwa hiyo taka zipelekeni zabuni bila wasiwasi, kwa mikataba mifupi inayolingana na umri wa gari, na kanda mbili au tatu zenye wakandarasi tofauti ili mpate wa kulinganisha.

Barabara ni ngumu zaidi. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami unapanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 inaumiza barabara mara mbili ya ile halali. Iliyobeba mara mbili ya kiwango inaumiza mara 16. Sasa mwekezaji anayelipwa kwa kila lori linalopita, akiwa amebakiza miaka mitatu mkataba uishe, atasimamia mizani kwa sababu gani? Kila lori lililozidisha linamlipa leo, na nyufa zitatokea barabara ikiwa imerudi kwenu. Anayesimamia mizani asiwe anayekusanya tozo. Ukaguzi wa makabidhiano uanze miaka 5 kabla ya mwisho, upime mtikisiko wa uso wa barabara kwa mita kwa kilomita, kubonyea kwa tabaka chini ya mzigo, na hali ya kalvati moja baada ya nyingine, na sehemu ya mapato ya miaka hiyo izuiwe kwenye akaunti ya pamoja hadi kasoro zirekebishwe. Bila hivyo mtakabidhiwa lami mpya ya sentimita chache juu ya msingi uliooza, na hafla itafana.

6. Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Dhamana mnazotoa haziingii kwenye deni la taifa siku mnayosaini. Zinaingia siku zinapodaiwa, mbele ya waziri mwingine. Kwenye njia za treni za chini ya ardhi London, dhamana ilifunika asilimia 95 ya mkopo wa kampuni ya Metronet, na ilipoanguka mwaka 2007 umma ndio ulioulipa. Huko Chicago mwaka 2008 jiji lilikabidhi mita za maegesho ya barabarani kwa miaka 75 kwa dola bilioni 1.15 hivi, baraza likiwa na siku chache tu za kuusoma mkataba. Mwaka uliofuata mkaguzi wa jiji hilo alikadiria kwamba mfumo huo ulikuwa na thamani ya dola milioni 974 zaidi ya kilichopokelewa. Na jiji likifunga mtaa kwa ukarabati au sherehe kupita kiwango kilichokubaliwa, linamlipa mwekezaji fidia kwa kuufunga mtaa wake lenyewe.

Tunajua mtakavyojibu.

Mtasema serikali haina fedha. Kama haina ya kulipa fungu la 7.1, itatoa wapi ya kulipa 10.2? Na kama watumiaji ndio watakaolipa kwa tozo, tozo hizohizo zinaweza kulipa hatifungani ya serikali. Ukata wa mwaka wa kwanza ni wa kweli, hatuukatai, na nchi iliyofungiwa milango ya mikopo ina sababu ya kumtafuta mwekezaji. Iseme hivyo basi, na iandike bei ya sababu hiyo.

Mtasema watumishi wa umma ni wazembe na matengenezo hayafanyiki. Mara nyingi ni kweli. Bajeti ya matengenezo hukatwa ya kwanza, kwa kuwa mfereji uliozibuliwa haukatiwi utepe. Mkataba wa ubia una faida hapo: unamfunga waziri kulipa kila mwaka apende asipende. Lakini kuna jambo hamjalijibu. Idara iliyoshindwa kumsimamia fundi wa kuziba mashimo itasimamiaje mkataba wa miaka 30 wenye kurasa 2,000, dhidi ya mawakili wanaolipwa kwa saa? Ubia hauondoi kazi ya usimamizi. Unaifanya iwe ngumu zaidi na kuihamishia kwa watu wachache zaidi.

Mtasema ni siri za kibiashara. Bei za wazabuni kabla ya zabuni kufunguliwa, sawa. Baada ya kusaini, aliyebaki nje ya siri ni yule anayelipa.

Tunachoomba

a) Mkataba mzima uchapishwe ndani ya siku 30 baada ya kusainiwa: viambatisho, jedwali la fedha likiwa kwenye faili linaloweza kukokotolewa, na kila marekebisho yatakayofuata.

b) Kila pendekezo la ubia liambatane na ulinganisho wa njia tatu: serikali kujenga kwa zabuni ya kawaida, ubia, na watumiaji kuendesha wenyewe pale inapofaa. Thamani ya "hatari iliyohamishwa" igawanywe hatari moja moja, na ioneshe matokeo riba ikipanda au kushuka kwa nukta mbili za asilimia.

c) Dhamana zote ziandikwe kwenye kitabu cha bajeti kwa makadirio ya kila mwaka, ziwe na ukomo uliowekwa na bunge, na kampuni ilipie ada kwa kila dhamana inayopewa.

d) Barabara na madaraja ya tozo yashindanishwe kwa thamani ya leo ya mapato, kwa muda unaobadilika. Mkiona njia nyingine ni bora, andikeni kwa nini.

e) Mkataba usifunguliwe ndani ya miaka mitatu ya kwanza, isipokuwa kwa tendo la serikali yenyewe au maafa. Mabadiliko yoyote baada ya hapo yapitiwe na mkaguzi huru, na mizani ya faida ya kampuni ibaki ilivyokuwa kwenye zabuni. Kazi ya nyongeza itangaziwe zabuni peke yake.

f) Anayepima asilipwe na anayepimwa. Hii ihusu mizani za malori, maabara za maji, mita za umeme na ukaguzi wa makabidhiano.

g) Kila kitengo cha ubia kiwe na wahandisi, wachumi na mawakili walioajiriwa kwa kudumu, wanaolipwa vizuri kiasi cha kutonunuliwa na upande wa pili baada ya mwaka mmoja, na wasiolipwa kwa idadi ya mikataba iliyosainiwa. Leo wengi wenu mnamtumia mshauri ambaye ada yake nono hulipwa mkataba ukifungwa. Mtu huyo hatawaambia kamwe msisaini.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila kipengele, kwa herufi yake, kabla ya mkataba unaofuata kuletwa mezani. Msichokikubali, tuandikieni sababu. Tuko tayari kukaa nanyi na jedwali la hesabu likiwa wazi, na pale tulipokosea tutasahihisha hadharani kama tulivyoandika hadharani.

Wasalaam,

Wachumi, wahandisi na wakaguzi wa mikataba ya umma

Nakala kwa:
Kamati za bunge za hesabu za serikali
Wakaguzi Wakuu wa Hesabu
Vyombo vya habari